Uhuru wa Kusema na Kuanguka kwa Jamhuri ya Weimar

Katiba ya Jamhuri ya Ujerumani, iliyopitishwa na bunge lililokaa katika mji wa Weimar na kutiwa saini tarehe 11 Agosti 1919, ilimpa kila Mjerumani haki ya kutoa maoni yake kwa mdomo, kwa maandishi, kwa chapa na kwa picha. Haki hiyo ilikuwa katika Ibara ya 118, na ibara hiyohiyo iliifungia ndani ya mipaka ya sheria za kawaida. Udhibiti wa magazeti na vitabu kabla ya kuchapishwa ulikatazwa. Sinema iliachwa nje ya ulinzi huo, na sheria ya mwaka 1920 ikaunda bodi za kukagua kila filamu. Mbali kidogo na hapo ilikaa Ibara ya 48, iliyomruhusu Rais kusimamisha haki za msingi, uhuru wa maoni ukiwemo, akiona usalama wa umma umo hatarini.

Mpangilio huo unafaa kukumbukwa, kwa sababu Weimar hutajwa kila panapojadiliwa hatari ya uhuru wa kusema usio na mipaka. Inasemwa kwamba Wanazi waliachiwa waseme walichotaka, watu wakawasikiliza, na demokrasia ikachinjwa kwa kisu chake yenyewe. Dai hilo si uzushi mtupu. Joseph Goebbels aliandika waziwazi mwaka 1928 kwamba chama chake kilikuwa kinaingia Bungeni kujichukulia silaha katika ghala la demokrasia. Hata hivyo, historia ya mahakama, ya polisi na ya magazeti ya miaka ile inaonyesha jambo la kutisha zaidi. Weimar ilikuwa na sheria nyingi za kuzuia maneno, na ilizitumia mara kwa mara. Ziliwaelemea zaidi wale waliotaka kuilinda jamhuri.

Sheria kubwa kuliko zote ilizaliwa na damu. Tarehe 26 Agosti 1921 wauaji wa mrengo wa kulia walimpiga risasi Matthias Erzberger, mwanasiasa aliyetia saini mkataba wa kusimamisha vita mwaka 1918. Tarehe 24 Juni 1922 ikawa zamu ya Walther Rathenau, Waziri wa Mambo ya Nje, Myahudi, aliyeuawa ndani ya gari lake akielekea kazini Berlin. Kabla ya risasi kulikuwa na miezi ya matusi na nyimbo za mitaani zilizotaka auawe. Mwezi mmoja baadaye Bunge lilipitisha Sheria ya Kuilinda Jamhuri. Kuitukana jamhuri na bendera yake, kusifu mauaji ya viongozi na kuchochea jeuri dhidi ya serikali kukawa kosa la jinai. Gazeti la kila siku liliweza kufungiwa hadi wiki nne, na majarida mengine hadi miezi sita. Vyama navyo viliweza kupigwa marufuku.

Kwenye karatasi sheria hiyo ilitosha. Ilikwama kwa waamuzi. Majaji wa Weimar walikuwa walewale walioapishwa na Kaiser. Mapinduzi ya 1918 yaliwaacha vitini mwao, na wengi wao waliiona jamhuri kama aibu ya muda. Emil Julius Gumbel, mtaalamu wa takwimu aliyefundisha Chuo Kikuu cha Heidelberg, alikusanya kesi za mauaji ya kisiasa tangu 1919 hadi katikati ya 1922. Alihesabu mauaji 354 yaliyofanywa na watu wa mrengo wa kulia, na kati ya hayo 326 hayakupata adhabu yoyote. Mrengo wa kushoto ulikuwa na mauaji 22. Ni 4 tu yaliyopita bila adhabu, na watu 10 walihukumiwa kifo na kuuawa. Hakuna aliyeweza kuzikanusha hesabu zake. Gumbel aliandamwa na wanafunzi wa Kinazi mpaka chuo kikamnyang'anya haki ya kufundisha mwaka 1932.

Kesi ya Hitler mwenyewe inaonyesha jinsi mizani ilivyopinda. Usiku wa tarehe 8 Novemba 1923 alijaribu kupindua serikali akianzia katika ukumbi wa bia mjini Munich. Asubuhi iliyofuata polisi wanne na wafuasi wake zaidi ya kumi walikuwa wamekufa. Kesi ilifunguliwa Februari 1924 mbele ya Jaji Georg Neithardt, aliyemwachia mshitakiwa ahutubie kwa masaa huku magazeti ya nchi nzima yakinukuu. Mtu aliyejulikana Bavaria akageuka jina la kitaifa, na jukwaa alilopandia lilikuwa kizimba cha mahakama ya serikali. Tarehe 1 Aprili alihukumiwa kifungo cha miaka mitano, kiwango cha chini kabisa kwa kosa la uhaini. Sheria ya Kuilinda Jamhuri ilitaka mgeni aliyetiwa hatiani kwa uhaini afukuzwe nchini, na Hitler alikuwa raia wa Austria. Majaji walikataa kuitumia, wakisema haiwezi kumhusu mtu mwenye fikra na hisia za Kijerumani kama yeye. Tarehe 20 Desemba 1924 alikuwa nje ya gereza la Landsberg.

Hapo ndipo lilipoanza jaribio la kumnyamazisha, ambalo wasimuliaji wengi huliruka. Alihutubia mkutano wa kukifufua chama Februari 1925, na tarehe 9 Machi serikali ya Bavaria ikampiga marufuku kuhutubia hadharani. Majimbo mengine yalifuata, likiwemo Prussia, lililobeba zaidi ya nusu ya Wajerumani wote. Bavaria iliondoa marufuku Machi 1927, na Prussia Septemba 1928. Katika kipindi hicho Hitler alizungumza kwenye mikutano ya ndani ya wanachama na katika sebule za matajiri, huku Gregor Strasser na wengine wakizunguka kaskazini kujenga matawi. Chama kilisambaza bango lililomwonyesha kiongozi wao amefungwa mdomo, likilalamika kwamba kati ya binadamu wote duniani ni yeye peke yake asiyeruhusiwa kusema Ujerumani.

Uchaguzi wa Mei 1928 uliwapa Wanazi asilimia 2.6 ya kura na viti 12. Ule wa Septemba 1930 uliwapa asilimia 18.3 na viti 107. Anayetetea udhibiti huona katika tarakimu hizo ushahidi kwamba Hitler alidumaa alipofungwa mdomo na akapaa alipofunguliwa. Anayeupinga hujibu kwamba marufuku ilimpa sifa ya mtu anayeonewa bila kuvunja chama chake. Wote wawili wanazibebesha tarakimu mzigo usio wao. Kati ya chaguzi hizo mbili uchumi wa dunia ulianguka, kuanzia Oktoba 1929. Mabenki ya Marekani yakadai mikopo yao, viwanda vikafungwa, na mapema 1932 Wajerumani wasio na kazi walikuwa wamefika milioni sita. Wakulima wa kaskazini waliokuwa wakinadiwa mashamba yao kwa madeni walikuwa wameanza kuvihama vyama vyao vya zamani kabla ya wafanyakazi wa mjini kuonja dhiki hiyo. Maneno ya chuki yaleyale yaliyopuuzwa 1928 yalipata masikio 1930 kwa sababu maisha ya wasikilizaji yalikuwa yamevunjika.

Masikio hayo yalifikiwa kwa fedha pia. Alfred Hugenberg, bwana wa viwanda aliyekuja kuongoza chama cha wahafidhina cha DNVP tangu 1928, alimiliki nyumba ya uchapishaji ya Scherl na shirika la habari lililoyauzia magazeti madogo ya mikoani kurasa zilizokwisha kupangwa, tayari kwa kuchapwa. Mwaka 1927 alinunua pia Ufa, kampuni kubwa kuliko zote za filamu nchini. Mwaka 1929 alianzisha kampeni ya kupinga mpango mpya wa ulipaji wa fidia za vita, akamkaribisha Hitler kama mshirika. Kura ya maoni waliyoiitisha Desemba ilishindwa vibaya, kwa kuwa ni asilimia kama 14 tu ya watu wenye haki ya kupiga kura walioiunga mkono. Lakini kwa miezi kadhaa jina la Hitler lilikuwa limeandikwa kwa heshima katika magazeti ya watu wenye suti na vyeo, magazeti ambayo kabla ya hapo yalimwona kama mhuni wa mitaani. Hugenberg hakuwa Nazi. Alidhani anamtumia, na akawa waziri wake mwaka 1933 kwa miezi mitano kabla ya kutupwa kando.

Redio ilikuwa kinyume cha magazeti. Ilianza kurusha matangazo Berlin mwezi Oktoba 1923 na ikabaki chini ya uangalizi wa serikali, ambayo kwa miaka mingi iliwanyima Wanazi kipaza sauti. Watafiti wa uchumi waliolinganisha maeneo yaliyopokea mawimbi na yasiyopokea walichapisha matokeo yao mwaka 2015: kabla ya 1933 redio ilipunguza kura za Wanazi, na baada ya Hitler kuikamata ikaziongeza. Utafiti huo unaonya pande zote mbili. Uangalizi wa serikali uliilinda jamhuri kweli kwa muda. Ila mwaka 1932 Kansela Franz von Papen aliiweka redio yote mikononi mwa serikali kuu, na Januari 1933 mrithi wa serikali hiyo alikuwa Hitler. Alikabidhiwa chombo kilichokamilika, kisicho na mmiliki wa kubishana naye.

Kisa cha filamu ya Kimarekani iliyotokana na riwaya ya Erich Maria Remarque kuhusu mahandaki ya Vita vya Kwanza kinaeleza mengi kuliko sheria yoyote. Filamu hiyo ilianza kuonyeshwa Berlin Desemba 1930, ikiwa imekwisha kupitishwa na wakaguzi. Katika onyesho la tarehe 5 Desemba, Goebbels na wafuasi wake waliingia ukumbini na tiketi zao. Wakatupa mabomu ya uvundo, wakafungulia panya weupe chini ya viti, na kuwapiga watazamaji waliodhaniwa kuwa Wayahudi. Maandamano yakaendelea siku zilizofuata. Tarehe 11 Desemba bodi ya juu ya ukaguzi iliipiga filamu marufuku, kwa hoja kwamba inaishushia Ujerumani heshima. Waliofanya fujo hawakunyamazishwa, aliyenyamazishwa ni yule aliyefanyiwa fujo, na kwa kutumia kipengele halali cha sheria ya jamhuri. Kuanzia siku hiyo Goebbels alijua kwamba genge likipiga kelele za kutosha, serikali ingemfanyia kazi ya udhibiti kabla hajaingia madarakani.

Miaka kama mitatu na nusu kabla ya hapo alikuwa amegundua mlango mwingine. Gazeti lake la Der Angriff, alilolianzisha Berlin Julai 1927, lilimwandama Bernhard Weiss, naibu mkuu wa polisi wa jiji hilo, afisa mwenye nishani za vita na Myahudi. Goebbels alimpachika jina la kejeli la Kiyahudi na kulirudia wiki baada ya wiki, kwa katuni na kwa tungo, mpaka watu mitaani wakaliamini kuwa ndilo jina lake. Weiss alikwenda mahakamani mara nyingi, na mara nyingi alishinda. Faini zilitozwa, wahariri wakafungwa, gazeti likafungiwa. Kila hukumu ikawa habari ya ukurasa wa mbele katika toleo lililofuata. Goebbels alipoingia Bungeni Mei 1928 alipata kinga ya mbunge na akajisifu nayo kwa maandishi. Weiss alistahili haki ile aliyoidai, na ni dhuluma kumlaumu kwa kuidai. Sheria ya kashfa ililinda jina la mtu mmoja mmoja. Haikuwa na jibu kwa kampeni iliyotaka watu wote wa kabila lake waonekane hawastahili kuwepo. Weiss aling'olewa ofisini Julai 1932, akakimbilia uhamishoni mwaka uliofuata, na akafia London mwaka 1951.

Upande wa pili walikuwapo waandishi waliosema kweli wakaadhibiwa na jamhuri waliyoitetea. Jarida la Die Weltbühne lilichapisha mwaka 1929 makala iliyofichua kwamba jeshi lilikuwa likijenga ndege kwa siri, kinyume cha Mkataba wa Versailles. Mhariri wake, Carl von Ossietzky, alitiwa hatiani mwaka 1931 kwa kutoa siri za taifa, akahukumiwa miezi 18. Aliingia gerezani Mei 1932, chini ya miezi mitatu kabla ya Wanazi kuwa chama kikubwa kuliko vyote Bungeni, na akatoka kwa msamaha wa Desemba. Tarehe 28 Februari 1933 alikamatwa tena, safari hii na Wanazi. Alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 1935 akiwa mikononi mwao, na alifariki Mei 1938 kutokana na mateso ya kambi.

Kuna jambo moja ambalo mjadala wa uhuru wa kusema husahau mara nyingi mno: ufashisti haukuwa na subira ya kushindana kwa maneno. Italia ndiyo iliyotangulia. Mnamo Aprili 1919 mafashisti walichoma ofisi za gazeti la Wasoshalisti, Avanti!, mjini Milan, miaka mitatu na nusu kabla Mussolini hajawa Waziri Mkuu. Giacomo Matteotti alipofichua bungeni wizi na vitisho vya uchaguzi, tarehe 30 Mei 1924, alitekwa siku kumi na moja baadaye na kuuawa. Ujerumani ilikuwa na jeshi la mashati ya kahawia, SA, ambalo mwaka 1932 lilizidi watu laki nne, wengi wao wakiwa vijana wasio na ajira. Serikali ililipiga marufuku Aprili mwaka huo. Papen, akitaka uungaji mkono wa Hitler, aliondoa marufuku Juni. Mwezi uliofuata, katika Jumapili moja ya maandamano mjini Altona, walikufa watu 18. Mwezi Agosti watu wa SA waliingia usiku katika nyumba ya kibarua katika kijiji cha Potempa, wakampiga hadi kufa mbele ya mama yake. Watano walihukumiwa kifo. Hitler aliwapelekea telegramu ya kuwaunga mkono, Papen akawabadilishia adhabu kuwa kifungo cha maisha, na mwaka uliofuata wakaachiwa. Mji ambao mpinzani hupigwa akifungua mdomo hauwezi kuitwa mji wenye uhuru wa kusema, hata kama hakuna sheria inayomkataza.

Haifai kwa sababu hiyo kuyatakasa maneno. Der Stürmer, gazeti ambalo Julius Streicher alilianzisha Nuremberg mwaka 1923, lilipandikiza kwa miaka kumi hadithi za Wayahudi wanaoua watoto na kunajisi wasichana. Streicher alishitakiwa mara kadhaa na hata kufungwa. Alitoka kila mara kama shujaa. Kufikia 1931 Wanazi walikuwa wameuteka uongozi wa umoja wa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Ujerumani, na wanafunzi hao ndio waliochoma vitabu tarehe 10 Mei 1933. Chuki iliyosemwa kwa muda mrefu bila kujibiwa na watu wanaoheshimiwa ilikuwa imezoeleka hata katika nyumba za wasomi. Ilimfanya jirani asione ajabu duka la Myahudi lilipopakwa rangi, na jaji asione kosa.

Pamoja na hayo yote, Wanazi hawakupata zaidi ya nusu ya kura katika uchaguzi huru hata mmoja. Julai 1932 walipata asilimia 37, na Novemba wakashuka hadi 33. Tarehe 30 Januari 1933 Hitler aliingizwa madarakani na Rais Hindenburg, kwa ushauri wa Papen na wenzake waliodhani wamemfunga kamba. Kazi ya kwanza ya serikali yake ilikuwa kuua uhuru wa kusema. Amri ya tarehe 4 Februari iliwapa polisi mamlaka ya kufungia magazeti na mikutano. Bunge lilipoungua usiku wa tarehe 27, Hindenburg alitia saini kesho yake amri chini ya Ibara ya 48 iliyosimamisha Ibara ya 118 na haki nyingine sita. Mjini Munich, tarehe 9 Machi, SA walivunjavunja ofisi za Münchener Post, gazeti la Wasoshalisti lililokuwa limemfichua Hitler kwa zaidi ya miaka kumi. Siku hiyohiyo walimkamata Fritz Gerlich, mhariri Mkatoliki aliyeonya kuhusu maangamizi yanayokuja; alipelekwa kambi ya Dachau na kuuawa mwaka 1934. Tarehe 23 Machi Bunge lililozungukwa na SA lilimkabidhi Hitler mamlaka ya kutunga sheria, kwa kura 444 dhidi ya 94. Wabunge wa Kikomunisti walikuwa wamefungwa au wamejificha. Otto Wels wa SPD, chama cha Wasoshalisti, alisimama akasema hapana, na hotuba yake ilikuwa ya mwisho ya upinzani kusikika katika Bunge hilo.

Nchi mbalimbali zilichota mafunzo yasiyofanana kutoka katika kisima hicho. Karl Loewenstein, mwanasheria aliyekimbia Ujerumani, aliandika mwaka 1937 kwamba demokrasia lazima iwe na meno ya kujilinda dhidi ya wanaotumia haki zake kuiangamiza. Uingereza ilikuwa imekwisha kuchagua njia nyembamba zaidi: Sheria ya Amani ya Umma ya 1936, iliyotungwa baada ya vurugu za wafuasi wa Oswald Mosley mashariki mwa London, ilikataza sare za kisiasa na majeshi ya vyama, huku hotuba zikiachwa kwa sehemu kubwa kwa sheria zilizokuwapo. Katiba ya Ujerumani Magharibi ya 1949 iliweka uhuru wa maoni katika Ibara ya 5, kisha Ibara ya 18 na ya 21 zikaruhusu kumnyang'anya haki anayezitumia kupiga vita mfumo wa kidemokrasia na kufuta vyama vya namna hiyo. Busara kubwa ya ibara hizo ni mahali zilipoweka uamuzi: Mahakama ya Katiba peke yake, si waziri wala polisi. Marekani ilikwenda mbali upande mwingine. Tangu uamuzi wa Mahakama Kuu wa 1969 katika kesi ya kiongozi wa Ku Klux Klan, Brandenburg, serikali haiwezi kuadhibu maneno ya uchochezi isipokuwa yamekusudiwa kuzua uvunjaji wa sheria wa papo hapo na yanaelekea kuuzua kweli.

Swali la maneno na damu lilifika Afrika Mashariki pia. Mwaka 1946, huko Nuremberg, Streicher alihukumiwa kunyongwa kwa aliyoyachapisha, huku Hans Fritzsche, mtangazaji wa redio wa Kinazi, akiachiwa huru kwa kukosa ushahidi kwamba alichochea mauaji. Zaidi ya nusu karne baadaye majaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, iliyokaa Arusha, walizirejea hukumu hizo mbili katika kesi ya waanzilishi wa redio RTLM, Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, na Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura. RTLM ilikuwa imeanza kutangaza Julai 1993, na wakati wa mauaji ya 1994 ilitaja majina ya watu na mahali walipojificha. Hukumu ya Desemba 2003 iliwatia wote watatu hatiani. Mahakama ya Rufaa, Novemba 2007, ilipunguza vifungo na kuchora mstari ambao Weimar haikuwahi kuuchora: matangazo ya chuki ya kabla ya mauaji kuanza usiku wa tarehe 6 Aprili 1994, hata yawe machafu namna gani, hayakuthibitishwa kuwa yalichangia mauaji kwa kiwango cha kubeba hatia hiyo, na yale ya baada ya tarehe hiyo, pale redio ilipoita watu wakaue na watu wakaenda, yalithibitishwa.